Mguu wa Sabuni

“Mtu nikimtia machoni mara moja tu, namchonga hata akiwa amehamia Kigoma, na mama yake mzazi atauita huo mti uje ule.”

Maneno hayo aliyasema babu yangu Polikarpo mwaka 1979, siku ya kufungua banda la ushirika wa wachongaji Mwananyamala, mbele ya mgeni rasmi, katibu kata, wajumbe sita wa nyumba kumi na kreti mbili za soda zilizokuwa zinasubiri hotuba ziishe. Hakuna aliyemuuliza. Mgeni rasmi alikuwa ameuliza choo kiko wapi.

Nayaandika haya kwa haki kabisa. Kwetu mjukuu na babu ni watani. Bibi ni mke wangu, na babu ni mpangaji anayechelewa kuhama. Hajawahi kukasirika. Akiona nimezidisha huniuliza habari za diploma yangu, ile iliyokatika njiani kama mkanda wa kandambili, na hapo tunakuwa sare.

Alitoka Newala mwaka 1958 na tezo moja, patasi tatu na jina la mjomba aliyekuwa akikaa Keko. Alipofika Keko, mjomba alikuwa amehamia Tanga. Akafanya kazi popote walipotaka mikono, bandarini, kwenye mkonge, hata Wazo kwenye kiwanda cha saruji, ambako alidumu miezi saba. Mwenyewe anasema aliacha kwa hiari. Bibi anasema aliachishwa, kwa sababu alikuwa akichonga nyuso kwenye mipini ya makoleo, na siku moja msimamizi alishika koleo akakuta linamtazama. Tangu hapo akakaa na mpingo. Alichonga mashetani, vile vinyago vyetu vya jicho moja na ulimi unaoning'inia begani, na wazungu wa Oysterbay waliyanunua wakaenda kutishana nayo sebuleni.

Bibi yangu, Anjelina, alianzia pale mumewe alipoishia. Alisugua kwa msasa, akasugua kwa kitambaa, akapaka rangi nyeusi ya viatu kidogo tu, akasugua tena mpaka mti ukang'aa kama mtu aliyetoka kuoga. “Polikarpo anatoa mifupa,” husema. “Mie natia ngozi.” Babu hajawahi kulibishia hilo, labda kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo wateja nao walikuwa wanalisema.

Sasa twende mwaka 1982. Mwanzoni mwa mwaka ule ilikuja barua kwenye ushirika: kuna maonyesho ya kazi za mikono Japani, wanatakiwa mchongaji mmoja na msaidizi wake. Babu akaandika jina lake, na pa msaidizi akaandika Anjelina. Bwana wa ofisini akamwambia msaidizi awe mtu wa kubeba magogo. Babu akamwambia, “Magogo nitabeba mwenyewe. Huyu ndiye anayejua ngozi.” Jina likapita.

Barua ile ilikuwa ingali mfukoni mwake, imekunjwa mara nne, siku wakwe walipokuja kumalizia mazungumzo ya harusi ya binti yao mkubwa, Eufrazia, ambaye ni mama yangu. Mchumba alikuwa Adelard, karani, kijana wa Kihaya anayekaa Kawe. Upande wake alisema shangazi yake, Mwalimu Demetria, mwanamke ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kola iliyopigwa pasi. Walishazungumza mahari, walishazungumza padre, wakabakiza mavazi.

“Gauni litatoka kwetu,” alisema Mwalimu Demetria. “Shela kwetu. Sasa viatu vyeupe, mzee wangu, maana bibi harusi hawezi kuingia kanisani na kandambili. Tutavipata wapi mwaka huu?”

Kila mtu pale alijua hali ya mjini. Duka kubwa la viatu lilikuwa na kaunta, muuzaji, na pea moja ya mabuti, yote mawili ya mguu wa kushoto.

“Viatu ni vyangu,” Babu akasema.

Bibi anasema hapo alimkanyaga chini ya meza. Babu anasema aliona kama kitu kimepita, akadhani ni paka.

Mwalimu Demetria akaandika kwenye daftari lake: viatu, baba wa binti. Akapiga mstari chini yake.

Tangu siku hiyo Bibi alikuwa mtu wa viatu. Usiku alikuwa akiamka kuwaza viatu. Binti wa mchonga vinyago anaolewa na watu wa kola na madaftari. Akiingia kanisani kwa viatu vya kuazima, vyenye alama ya mguu wa mtu mwingine ndani, atakaa kwa wakwe zake akiinamisha kichwa mpaka azeeke. Hivyo ndivyo alivyoliona Bibi, na mpaka leo ukimwambia alikuza mambo anakuuliza kama umewahi kuolewa.

Asubuhi ya safari alimsimamisha Eufrazia sakafuni. Akalaza kijiti cha mpera ubavuni mwa mguu wake, akakikata kwa kisu sawasawa na ncha ya kidole gumba huku na kisigino kule. Enzi hizo namba ya kiatu ilikuwa habari ya watu wenye viatu. Kijiti kikafungwa kwenye leso, leso ikatiwa kifuani, na kikapanda ndege pamoja nao.

Japani walikaa siku ishirini na moja, wakaona banda. Saa mbili asubuhi bandani, saa kumi na mbili jioni kitandani, na katikati hapo watu wapole waliinama, wakapiga picha, wakainama tena. Babu naye akawa anainama. Bibi anasema ilimchukua mwezi mzima kunyooka. Posho walipewa siku ya mwisho, kwenye bahasha, wakiwa tayari wana mizigo mkononi. Madukani hawakufika.

Kwa hiyo ilibaki Singapore. Hapo ndipo ndege ilipobadilishwa. Walitua asubuhi, na ya kuendelea ilikuwa inaondoka saa nne usiku. Kampuni ya ndege ikawapa chumba cha kupumzikia ghorofa ya kumi na nne, na ikawaambia basi la kiwanjani litawafuata saa moja jioni. Kutoka hapo ni Dar es Salaam, na Dar es Salaam harusi ilikuwa Jumamosi ya pili.

Chumba hawakukikalia. Bibi alikanyaga zulia pembeni pembeni kama anayepita kwenye mkeka wa watu, akanawa uso, akasema, “Twende.”

Nje Babu alianza kuhesabu ghorofa za jengo la kwanza aliloliona. Shingo ikamuuma, akaacha na jengo bado linaendelea. Barabara ilikuwa safi kiasi cha kutia wasiwasi. Hapakuwa na ganda la chungwa wala gunzi la hindi.

“Hapa watu hawali?” Babu akauliza.

“Wanakula,” Bibi akasema. “Wanameza na maganda.”

Hatua chache kutoka hotelini palikuwa na kiduka, na dirishani Bibi akaona sabuni. Sio kipande, miche. Miche mirefu ya manjano imepangwa kama matofali. Huko Mwananyamala alikuwa ameacha watu wanagawana mche kwa uzi, kila nyumba vidole viwili. Akaingia. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa Kimalai aliyejitanda vizuri, ungemkuta Temeke ungemwamkia ukapita. Bibi akanyoosha kidole, akasema, “Sabuni,” na yule mama akaitikia kama aliyesikia lugha ya kwao, akamfungia mche mmoja kwenye gazeti. Bibi angechukua hata kumi. Lakini bahasha ilikuwa na kazi yake, na kazi yake ilikuwa viatu.

Wakaendelea na barabara. Saa nane hivi mvua ikaja, ile ya kumwaga bila kutoa taarifa. Wakakimbilia chini ya paa la jengo kubwa, na hapo chini ya paa palikuwa na mstari wa watu.

Kama hukuwepo Dar mwaka ule, itabidi nikueleze. Mtu akiona mstari, aliunga kwanza, akauliza baadaye. Ukianza kwa kuuliza, unapojibiwa wameshaingia watu wanne mbele yako. Bibi aliwahi kusimama Magomeni saa mbili nzima akiamini ni unga, kumbe ni watu wanasubiri kuaga maiti. Alipofika mbele akaaga, akalia kidogo, akarudi nyumbani.

“Nani wa mwisho?” Babu akauliza kwa Kiswahili, kama inavyotakiwa.

Bwana mmoja mwenye mwavuli akageuka, akatabasamu, akageukia mbele.

“Ni huyu,” Babu akamwambia mkewe. “Sie tuko nyuma yake. Mshike uso.”

“Wanatoa nini?”

“Tutajua tukifika.”

Wakasimama. Mstari ulikuwa unakata kona, mbele hapaonekani. Ulikuwa unasogea hatua moja, unapumzika, unasogea hatua moja.

“Ni sukari,” Bibi akasema baada ya muda. “Watu wamevaa vizuri mno kwa unga.”

“Sukari bila vifuko?”

“Basi mafuta ya kula.”

“Madumu yako wapi, Mama Eufrazia? Mtu anafuata mafuta na mkoba wa ngozi?”

“Haya, sema wewe.”

“Vitenge. Kitenge hakina haja ya chombo.”

Bibi akaona kuna akili hapo, akatulia. Upepo ukageuka, ukawaletea mvua ubavuni. Kanga ikalowa, leso nayo kifuani ikaanza kulowa. Akakitoa kijiti, akampa mumewe. “Nishikie hiki, nijifunge vizuri.” Akajifunga, kikapu mkono huu, sabuni mkono ule, na kijiti akakisahau mikononi mwa Polikarpo.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na namtetea babu kwa jambo moja: hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kulifanya. Umpe mtu wa kawaida kijiti, atakishika. Babu yangu amesimama saa nzima, mikono haina kazi, na mfukoni mna kisu kidogo cha kukunja. Mpera ni mti mlaini, hauna nyuzi za kukukera. Mbele yake kuna bwana mwenye mwavuli, mgongo wake umepinda vizuri, shingo ndefu. Anasema mkono ulikwenda wenyewe.

Askari mmoja mwenye kofia alikuja akanyooshea kidole vipande vya mti vilivyoanguka chini. Babu akaviokota vyote, kimoja kimoja, akavitia mfuko wa koti, akainama kama alivyozoea Japani. Askari akashangaa, naye akainama.

Walipokata kona wakaona mwanzo wa mstari. Gari linakuja, mtu wa mbele anaingia, linaondoka. Linakuja lingine.

“Wanagawa magari,” Babu akasema.

“Turudi, Baba Eufrazia. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kuendesha.”

“Kila moja linakuja na dereva wake. Tazama mwenyewe.”

Bibi anaapa kwamba alilisema hilo kwa uso mkavu kabisa. Babu anasema alishajua ni teksi, ila aliona haya kumtoa mkewe kwenye mstari aliomsimamisha saa nzima na robo. Mie nawaamini wote wawili.

Zamu yao ikafika. Mlango ukafunguliwa, nyuma watu wanasukuma kwa adabu, wakajikuta ndani. Dereva, mzee wa Kichina mwenye fulana nyeupe, akageuka, akawauliza kitu. Bibi akainua mguu wake juu ya kiti, kandambili na yote, akauonyesha. Yule mzee akautazama mguu, akamtazama Babu, akatikisa kichwa kwa huruma na kuwasha gari.

Aliwashusha dukani. Kwa kweli alikuwa mtu mwenye akili. Jengo zima linameta, na ngazi zake zinapanda zenyewe. Bibi alizisubiri zisimame, akaona hazina mpango huo, akapanda akiwa amemshika mumewe mkanda wa suruali. Ghorofa ya pili kulikuwa na viatu. Vyeupe peke yake vilijaza ukuta. Bibi akasimama mbele ya ukuta ule kimya, na Babu anasema ndiyo mara pekee amemwona akiwa hana la kusema na hajalala.

Msichana wa duka akaja, akawakalisha kwenye kibenchi. Bibi alikuwa ameshachagua kwa macho: kisigino kifupi, kijifungo ubavuni, ngozi nyeupe isiyo na maua. Akanyoosha mkono pembeni.

“Lete kijiti.”

“Kipi?” Babu akasema.

Kuna namna babu yangu anavyosema “kipi” ambayo polisi wangeiandika moja kwa moja kuwa ni kukiri kosa.

Akatia mkono mfukoni, akatoa kibwana cha mpera, kirefu kama kidole gumba, kina mwavuli na mgongo uliopinda. Kizuri mno, ndiyo tabu yake. Msichana wa duka akacheka kwa kupendezwa. Kisha Babu akatia mkono mfuko wa pili, akatoa takataka za mti zimejaa kiganja, akazimwaga kwenye kibenchi.

“Chote kipo,” akasema. “Hakijapotea hata chembe.”

Bibi hakupiga kelele. Alivitazama vile vipande, akaweka kikapu magotini. Ilikuwa saa kumi kasoro. Saa moja basi, saa nne ndege, na baada ya hapo hakuna duka tena mpaka Mwananyamala.

“Utamwambia Demetria mwenyewe,” akasema taratibu. “Mie siku hiyo nitakuwa na mafua.”

“Nipe ule mche.”

“Mche gani?”

“Wa sabuni.”

“Unataka kunawa sasa hivi?”

“Nipe, Mama Eufrazia. Mguu wa mwanangu niwe siujui mie?”

Bibi anasema alimpa kwa sababu alikuwa ameishiwa nguvu za kumnyima. Alifanya jambo moja tu. Alitandua kanga yake ya juu, akaitandaza chini ya magoti ya mumewe, vizuri, bila mkunjo, kwa sababu kila kitakachoanguka pale kilikuwa ukosi wa shati la mtu unaosubiri kufuliwa.

Babu akafunua kisu. Mara ya kwanza alikata kwa woga, sabuni sio mpingo, inakubali haraka mno. Kisha akaizoea. Akatoa kisigino, akazungusha kifundo, akaingia chini kutafuta ule uwazi wa unyayo. Msichana wa duka akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akaja na mdomo umeshajiandaa kusema, akasimama, mdomo akaufunga. Watu wakaacha viatu wakaja kutazama. Mama mmoja alikaa kabisa sakafuni. Vidole vikatoka vitano, kila kimoja na ukucha wake, na kile kidogo kimemlalia mwenzake kama kinavyolala mpaka leo kwenye mguu wa mama yangu. Mwisho kabisa Babu akapitisha ncha ya kisu kwenye kidole gumba, akaacha mstari mwembamba wa kovu. Siku tezo ilipomwangukia Eufrazia kwenye kibanda cha nyumbani, yeye ndiye aliyekifunga kidonda kile kwa shati lake.

“Haya,” akasema, akampa msichana.

Msichana akaupokea mguu kwa mikono miwili. Akaupima kwa macho, akaenda, akarudi na kiatu cheupe kidogo, akauvisha. Ukaingia kama umezaliwa humo. Watu wakapiga makofi. Babu akatazama juu, akatafuta uso wa mkewe, tayari kupokea msamaha.

Bibi alikuwa anautazama mguu.

“Baba Eufrazia,” akasema. “Mwanao ana miaka mingapi?”

“Ishirini na moja. Kwa nini?”

“Na huu mguu una mingapi?”

Babu akautazama. Bibi anasema alimwona akiutazama kweli, kama mti wa mtu mwingine. Kisigino kilikuwa cha mviringo, cha kitoto. Unyayo ulikuwa bado haujashuka. Kilikuwa kiatu cha mtoto wa komunio ya kwanza, kile kiatu, kina kiua kidogo juu ya kijifungo.

“Ni wake,” akasema.

“Ni wake. Wa darasa la nne.”

Kwetu binti akishachezwa unyago, akatoka ndani mwali, baba humwonea haya. Anamsemesha huku akitazama ukuta. Chakula akileta, baba anaona sahani. Babu ni mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, lakini hilo alilishika kama walivyolishika baba zake Newala. Mara ya mwisho kuutazama mguu wa mwanawe vizuri, ulikuwa unavuja damu na mwenyewe ana miaka kumi. Hapo ndipo ulipobaki.

“Amekua kiasi gani?” akauliza.

Bibi akachukua mguu wa sabuni, akaulaza kwenye kibenchi. Akaweka vidole vyake mbele ya kidole gumba. Kimoja. Akafikiri. Viwili. Akafumba macho, akakumbuka mguu ule ukitoka nje alfajiri kwenda kuchota maji, akaongeza cha tatu.

“Mpaka hapa.”

“Sikujua,” Babu akasema.

“Ungejuaje. Kutwa unatazamana na mashetani.”

Msichana wa duka akapima mguu na vidole, akaleta kiatu cha kile kisigino kifupi. Kilitosha mguu wa sabuni na vidole vitatu vya Bibi, sawasawa. Bibi akakigeuza, akakiangalia, akakirudisha, akaonyesha aletewe kilichokizidi kwa namba moja.

“Kwa nini?” Babu akauliza.

“Kikiwa kikubwa nitakijaza sufi. Kikiwa kidogo nitamkata nini?”

Akafunga kanga yake ncha nne, chembe zote za sabuni ndani, akaibeba kichwani. Basi la kiwanjani liliwakuta hotelini wamekaa ukumbini, Babu ameshika boksi la viatu, Bibi amelala na mguu mapajani.

Viatu vilikuwa vikubwa. Sio kidogo. Usiku wa kuamkia harusi Bibi alipasua mto akavijaza sufi mpaka mto ukabaki foronya. Asubuhi Eufrazia akaingia kanisani akiwa ameshikilia viatu vyake kwa vidole kama kuku aliyeshika tawi, hatua, anatulia, hatua, anatulia, kwa sababu akiongeza mwendo tu mguu unatoka unakiacha kiatu nyuma. Kutoka mlangoni mpaka altareni alichukua muda ambao kwaya ilirudia wimbo mara tatu. Upande wa Bukoba wote wakageuka kutazama.

“Tazameni mwendo huo,” Mwalimu Demetria akawaambia wasichana wa kwao. “Huyo amefundwa.”

Baadaye uani, ugali wa harusi ukiwa unapakuliwa, alimfuata Babu. “Mzee wangu, viatu nimeviona. Hongera. Na yule binti ana staha, hana haraka na dunia.”

“Ndivyo tulivyomlea,” Babu akasema, na Bibi akamkanyaga, na safari hii hakusingizia paka.

Mwezi mmoja haujaisha Adelard alihamishiwa Bukoba, akaondoka na mkewe. Eufrazia alipokuja kuaga, Babu alitoka nje, akamwambia asimame hapo hapo mlangoni. Akainama, akaitazama miguu yake yote miwili, muda mrefu, kama anayetazama gogo kabla ya kulipiga tezo. Mama yangu anasema haya zilimshika kiasi cha kutaka kuingia ardhini, lakini hakuisogeza.

Zile chembe za kwenye kanga zilifua mwezi mzima. Mguu ukabaki kabatini, umefungwa kwenye leso. Bibi alikuwa amesema wazi kwamba ni sabuni, na sabuni ni ya kufulia. Mwaka uliofuata ukawa mbaya kuliko wote. Sabuni ikatoweka kwenye duka la kaya, lile la mgao, ikatoweka kwa Waarabu, watu wakafulia majani ya mpapai na mashuka yakawa na rangi moja mtaa mzima. Jirani yake, Chausiku, aliyekuwa amemwona Bibi akirudi na ule mguu, alikuja mara tatu na kisahani.

“Nikatie kisigino tu, mama. Mtoto ana ubatizo wa mwenziwe kesho.”

“Nitakukatia,” Bibi akasema. Akaingia ndani, akaufungua, akaushika, kisu mkononi. Akakaa nao kitandani. Babu alikuwa nje kibandani, anasikilizia, tezo ameishikilia hewani.

Bibi akatoka, akampa Chausiku majani ya mpapai, mengi, ya mti wake mwenyewe.

Wakati huo mche wa sabuni, kwa mlango wa nyuma, ulikuwa shilingi sabini, ujira wa kibarua wa siku tatu.